Kuhifadhi na Kurithisha Dansi: Mafunzo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi kutoka kwa Waasisi wa Dansi ya Kisasa

Utangulizi

Mshairi akifa huacha diwani. Mchongaji akifa huacha vinyago. Mcheza dansi akifa huacha nini? Mchezo wake huisha pale pigo la mwisho linapoisha, na jasho likishakauka hakuna kitu kilichobaki ambacho mtu aweza kukishika mkononi. Hilo ndilo tatizo kubwa la kila anayetaka kuhifadhi dansi, nalo ndilo tatizo la mwalimu anayetaka kuifundisha.

Makala haya yanaeleza jinsi dansi ya kisasa ya mwanzo, iliyozaliwa Marekani na Ujerumani baina ya miaka ya 1890 na 1930, ilivyohifadhiwa na kufundishwa kwa vizazi vilivyofuata. Huenda mwalimu-mwanafunzi akauliza: kwa nini tujisumbue na dansi za ng'ambo, hali sisi tunazo ngoma zetu? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba tatizo la kurithisha ni moja kila mahali. Watu wa dansi hiyo wamejaribu karibu kila njia ya kuhifadhi katika muda wa miaka mia moja na zaidi, na matokeo ya kila njia yanaonekana wazi. Mwenye busara hujifunza pia kwa majaribio ya jirani. Baada ya kusoma makala haya, mwalimu atarajiwe kuweza:

(a) kutaja njia nne za kuhifadhi dansi, pamoja na faida na upungufu wa kila moja;
(b) kupambanua umbo la dansi na kiini chake;
(c) kuandaa na kufundisha somo fupi la uchezaji linalowafanya watoto wawe warithishaji, wala si waigaji tu.

Dansi ya kisasa ya mwanzo ilikuwa nini?

Mwishoni mwa karne ya 19 dansi iliyoheshimika katika majumba ya michezo ya Ulaya ilikuwa baleti. Mchezaji wa kike alifunga mwili kwa nguo ya kubana, alivaa viatu vigumu na kusimama juu ya ncha za vidole, na alifuata mikao iliyokwisha kuwekwa tangu zamani. Waasisi wa dansi mpya waliikataa sheria hiyo. Loie Fuller (1862–1928) alizungusha vitambaa vipana chini ya mwanga wa taa za rangi, na mwaka 1892 aliushangaza mji wa Paris. Isadora Duncan (1877–1927) alivua viatu, akacheza kwa miguu mitupu na kanzu nyepesi. Ruth St. Denis na mumewe Ted Shawn walianzisha shule ya Denishawn mjini Los Angeles mwaka 1915, na humo walipitia Martha Graham, Doris Humphrey na Charles Weidman. Huko Ujerumani, Rudolf Laban, Mary Wigman na Kurt Jooss walikuwa wakitafuta njia yao wenyewe.

Ingawa walitofautiana sana, walikubaliana katika jambo moja: mwendo hauna budi kutoka ndani ya mtu. Duncan alifundisha kwamba chemchemi ya mwendo ipo katika chembe cha moyo, na kwamba mikono na miguu hufuata tu. Graham aliujenga ufundi wake juu ya kukaza na kulegeza kiwiliwili. Humphrey aliona kwamba mtu akisimama tayari anapambana na kuanguka; basi akafanya kuanguka na kuinuka kuwa msingi wa kazi yake yote.

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Dansi ambayo thamani yake ni mikao inaweza kufundishwa kwa kuonyesha mikao. Lakini dansi ambayo thamani yake ni kile kinachouleta mwendo, utamfundishaje mtu ambaye hakuwahi kukuona?

Njia ya kwanza: mwili kwa mwili

Duncan hakuacha filamu ya maana ya uchezaji wake, wala hakuandika hatua zake. Aliacha watoto. Mwaka 1904 alifungua shule huko Grunewald, karibu na Berlin, akaiendesha pamoja na dada yake Elizabeth. Watoto walilala hapohapo, wakala na kusoma hapohapo. Kati yao wasichana sita walikua pamoja naye na kucheza naye mbele ya watu: Anna, Irma, Lisa, Maria-Theresa, Erika na Margot. Mwaka 1914 alikuwa na shule huko Bellevue, karibu na Paris, lakini vita vilipozuka jengo liligeuzwa kuwa hospitali. Mwaka 1921 alifungua shule nyingine Moscow, na mwanafunzi wake Irma akawa mwalimu mkuu kwa vitendo. Duncan alifariki mjini Nice mwaka 1927, ila shule ya Moscow iliendelea hadi mwaka 1949.

Irma alipohamia Marekani alifanya jambo ambalo mlezi wake hakulifanya: mwaka 1937 alitoa kitabu cha mafunzo ya dansi ya Duncan. Mpangilio wake wafaa kuangaliwa na kila mwalimu wa watoto. Huanza na kutembea. Kutoka kutembea huenda kwenye kukimbia, kisha kurukaruka, kisha kuwayawaya, kuruka, hatua za waltz na polka, na kulala chini na kuinuka. Yaani huanza na jambo ambalo kila mtoto analijua, kisha humpeleka polepole kwenye lile asilolijua. Hiyo ni kanuni ya ufundishaji ambayo kila mwanachuo ameisikia. Hapa anaiona ikifanya kazi.

Wanafunzi wa Irma na Anna nao walifundisha wengine. Miongoni mwao walikuwa Julia Levien na Hortense Kooluris, ambao katika miaka ya 1970 waliunda kundi la kuzicheza tena dansi za Duncan. Hadi leo wapo walimu wanaoweza kutaja ukoo wao wa mafunzo: mimi nilifundishwa na fulani, aliyefundishwa na Irma, aliyefundishwa na Isadora.

Faida ya njia hii ni kwamba hubeba kile kisichoweza kuandikwa: uzito wa mguu, mahali pumzi inapoanzia, macho yanaangalia wapi. Upungufu wake ni kwamba kila mrithi hukumbuka kwa namna yake. Dansi ileile ya Duncan huchezwa leo kwa namna mbalimbali kulingana na ukoo wa mwalimu, wala hakuna awezaye kumwita Isadora atoe hukumu. Tena mnyororo ukikatika mahali pamoja tu, kila kilicho nyuma yake hupotea.

Njia ya pili: maandishi

Muziki una noti zake. Watu wengi walitafuta noti za dansi, lakini aliyefanikiwa zaidi ni Rudolf Laban (1879–1958), aliyetangaza mfumo wake mwaka 1928. Yafaa mwalimu aelewe jinsi unavyofanya kazi, kwa kuwa wazo lake ni jepesi.

Maandishi ya Laban husomwa kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayepanda ngazi. Kuna mistari mitatu iliyosimama wima. Mstari wa katikati ni uti wa mwili: kilicho kushoto kwake ni cha upande wa kushoto, kilicho kulia ni cha upande wa kulia. Safu zilizo karibu na mstari huo huonyesha uzito wa mwili umesimama juu ya nini. Zinazofuata nje huonyesha miguu inayopunga hewani, kiwiliwili, kisha mikono. Umbo la alama huonyesha mwelekeo. Rangi yake huonyesha kimo: alama iliyojazwa weusi ni chini, yenye nukta ni kati, yenye michirizi ni juu. Urefu wa alama huonyesha muda: alama ndefu ni mwendo wa polepole, alama fupi ni mwendo wa haraka. Hivyo alama moja hujibu maswali manne: kiungo gani, kuelekea wapi, kwa kimo gani, na kwa muda gani.

Mwaka 1940 iliundwa ofisi ya maandishi ya dansi mjini New York, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Ann Hutchinson. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1930, alikuwa ameiandika dansi ya Kurt Jooss iitwayo Meza ya Kijani. Dansi hiyo ilichezwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwezi Julai 1932, ikapata tuzo ya kwanza. Inaonyesha mabwana wa mabaraza wakibishana kuzunguka meza, kisha vita, kisha Mauti akiwachukua askari, mama, msichana na mlanguzi, na mwishowe mabwana walewale wakirudi mezani kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka uliofuata Jooss alilazimika kuikimbia Ujerumani kwa sababu alikataa kuwafukuza wenzake Wayahudi. Wacheza wa kwanza walitawanyika na kufa, lakini dansi haikufa. Baada ya Jooss kufariki mwaka 1979, binti yake Anna Markard aliendelea kuisimamia, akitumia maandishi na kumbukumbu pamoja.

Neno pamoja lipewe uzito. Maandishi peke yake hayakutosha. Karatasi ilisema mguu uende wapi. Mtu aliyeijua dansi alisema kwa nini uende. Ndivyo ilivyo kwa andalio la somo: halifundishi, hufundisha mwalimu.

Njia ya tatu: filamu

Wengi hudhani kwamba kamera imemaliza tatizo hili, hasa siku hizi ambapo hata simu ya mkononi hupiga picha zinazotembea. Kamera ina msaada mkubwa. Dansi ya Mary Wigman iitwayo Dansi ya Mchawi, aliyoitunga mwaka 1914 na kuitunga upya mwaka 1926, tunaijua kwa sababu kipande kifupi chake kilipigwa filamu. Lakini kwa kuwa ni kipande tu, wanaotaka kuicheza nzima hulazimika kukisia yaliyobaki.

Hata filamu kamili ina upungufu wa aina tatu. Kwanza, huonyesha upande mmoja tu wa mwili, na wacheza walio nyuma hufichwa na walio mbele. Pili, hutunza pia makosa ya siku ile. Mtazamaji hawezi kujua kama mchezaji aliyumba kwa kukusudia au kwa bahati mbaya. Tatu, huonyesha kilichotendeka lakini haionyeshi kilichotafutwa. Mwanafunzi anayejifunza kwa filamu pekee huwa kama anayejifunza lugha kwa kuangalia midomo ya watu bila kusikia sauti.

Njia ya nne: chombo cha kudumu

Martha Graham (1894–1991) aliunda kundi lake mwaka 1926, na mbali na kundi akajenga shule. Mwanafunzi wa shule yake hufundishwa kwanza ufundi, yaani mazoezi ya sakafuni, ya kusimama na ya kupita, ndipo afundishwe dansi zenyewe. Kwa njia hii dansi kama Maombolezo ya mwaka 1930, ambayo mchezaji huicheza akiwa amekaa juu ya benchi ndani ya mfuko wa kitambaa kinachovutika, huchezwa na vijana ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa ilipotungwa.

Hata hivyo chombo nacho chaweza kuyumba. Dansi nyingi za Graham za miaka ya mwanzo zimepotea, kwa sababu hazikutunzwa kwa njia yoyote. Alipofariki mwaka 1991 aliacha mali yake kwa mrithi mmoja, na baadaye mrithi huyo na taasisi ya Graham wakapelekana mahakamani kuhusu nani mwenye dansi. Kundi lilisimamisha maonyesho mwaka 2000. Mwaka 2002 mahakama iliamua kwamba dansi nyingi zilikuwa mali ya taasisi, kwa kuwa Graham alizitunga akiwa mwajiriwa wake. Kundi likarudi jukwaani. Miaka kumi baadaye, kimbunga cha mwaka 2012 kilijaza maji ghala la taasisi hiyo mjini New York, na mavazi na vyombo vya jukwaani vikaharibika vibaya. Funzo ni kwamba anayetaka kuhifadhi dansi lazima aulize mapema mambo ya kawaida kabisa: nani mwenye haki nayo, na vifaa vyake vimewekwa wapi?

Nani aliyehifadhiwa, nani aliyeachwa?

Mwalimu asifundishe historia ya dansi kana kwamba kila kilichokuwa bora kilitunzwa. Kuhifadhi kunataka fedha, nafasi na heshima, na vitu hivyo havikugawanywa sawa. Edna Guy, msichana Mweusi aliyeipenda dansi, alikubaliwa kusoma kwa Ruth St. Denis lakini hakuruhusiwa kucheza jukwaani pamoja na kundi la Denishawn. Mwaka 1931 yeye na Hemsley Winfield walifanya onyesho la wacheza dansi Weusi mjini New York. Winfield alifariki mwaka 1934 akiwa bado kijana, na kidogo sana katika kazi yake kilichobaki.

Katherine Dunham (1909–2006) hakusubiri kuhifadhiwa na wengine. Katika miaka ya 1935 na 1936 alikwenda Jamaica, Haiti na visiwa vingine vya Karibi, akachunguza ngoma za watu wenye asili ya Afrika na kuzipiga filamu. Kutokana na uchunguzi huo alijenga ufundi wake mwenyewe, akafungua shule, akaandaa walimu. Ufundi huo unafundishwa hadi leo, kwa sababu aliuacha mikononi mwa walimu waliofunzwa kuufundisha.

Pearl Primus (1919–1994), mzaliwa wa Trinidad, alisafiri Afrika mwishoni mwa miaka ya 1940 akajifunza ngoma kwa wenyewe. Kutoka Liberia alichukua ngoma ya kukaribisha wageni, Fanga, na kuionyesha Marekani. Ngoma hiyo ilienea mpaka kwenye shule nyingi za nchi hiyo, na kila mwalimu aliipunguza na kuiongeza. Dansi yake nyingine, Impinyuza, aliijenga juu ya ngoma ya kifalme ya Watutsi; kundi la Alvin Ailey liliicheza upya mwaka 1990. Mfano wa Fanga unatufundisha kwamba ngoma yaweza kuishi sana na hali ikipungua: huenea kwa hatua zake, huku maana ya kumkaribisha mgeni ikisahauliwa njiani.

Umbo na kiini

Katika yote tuliyoyaeleza linajitokeza swali moja ambalo mwalimu hawezi kulikwepa. Dansi ina umbo, yaani hatua, mistari, mapigo na mavazi. Dansi ina kiini, yaani haja iliyoifanya itungwe na hisia inayouleta mwendo. Tukihifadhi umbo bila kiini, tunabaki na maganda. Watoto hupanga mstari, hutikisa mabega, wazazi hupiga makofi, na hakuna aliyefundishwa kitu. Tukidai kuhifadhi kiini bila umbo, kila mtu atacheza apendavyo na kuita mchezo wake kwa jina la marehemu.

Warithi bora wa dansi ya kisasa wameshika njia ya kati. Hufundisha kwanza chanzo cha mwendo, ndipo hufundisha hatua kamili bila kuzipuuza. Mwalimu akumbuke utaratibu huo: chanzo kwanza, hatua baadaye, maana wakati wote.

Somo la mfano: Wimbi

Mwaka 1928 Doris Humphrey alitunga dansi iitwayo Uchunguzi wa Maji. Haina muziki wowote. Wacheza huanza wakiwa wamejikunja sakafuni, na migongo yao huinuka na kushuka mmoja baada ya mwingine kama mawimbi. Kinachowaunganisha si ngoma wala hesabu, bali pumzi. Kuichezesha dansi yenyewe mbele ya watu kunahitaji ruhusa ya wenye haki nayo na msimamizi aliyefunzwa. Lakini kanuni yake, yaani kucheza pamoja kwa pumzi, yaweza kutumiwa na mwalimu yeyote, na haihitaji hata senti moja ya vifaa.

Darasa: la Nne. Wanafunzi: 48. Muda: dakika 40. Mahali: uwanja wenye kivuli, mwalimu aukague kwanza na kuondoa mawe na miiba. Zana: ubao, chaki, vijiti vya kuchorea ardhini.

Lengo: Mwisho wa somo kila kundi liweze kucheza wimbi la safu bila kuhesabiwa, kuliandika kwa alama, na kulirithisha kwa kundi jingine.

Hatua ya 1: Kutazama (dakika 5). Wanafunzi waeleze jinsi upepo unavyopita juu ya shamba la mpunga au majani, au mawimbi yanavyofika ufukoni. Mwalimu aulize: je, majani yote huinama mara moja? Achague mfano ambao watoto wameuona kwa macho yao.

Hatua ya 2: Pumzi (dakika 5). Wanafunzi wapige magoti, mkono mmoja juu ya chembe cha moyo. Wavute pumzi na kuishusha polepole. Watambue kwamba kifua na mgongo tayari vinacheza.

Hatua ya 3: Mwili mmoja (dakika 8). Kila mtoto ajikunje, kisha pumzi imwinue na kumshusha. Mwalimu asihesabu. Akihesabu, watoto wataifuata sauti yake na kuiacha pumzi yao.

Hatua ya 4: Wimbi la safu (dakika 8). Wanafunzi wagawanywe katika makundi sita ya watu wanane wanane. Kila kundi likae safu moja. Wa kwanza ainuke, wa pili apokee, hadi wa nane; kisha wimbi lirudi. Makundi matatu yacheze huku matatu yakitazama, kisha yabadilishane. Mtazamaji naye anajifunza.

Hatua ya 5: Kuandika (dakika 6). Mwalimu aonyeshe ubaoni wazo la Laban kwa urahisi: tunasoma kutoka chini kwenda juu; mstatili mrefu ni polepole, mfupi ni haraka; uliojazwa ni chini, wenye nukta ni kati, wenye michirizi ni juu. Kila kundi liandike wimbi lake ardhini. Ann Hutchinson mwenyewe, katika miaka yake ya baadaye, alirahisisha maandishi haya kwa ajili ya watoto na wanaoanza. Basi mwalimu asiogope kurahisisha.

Hatua ya 6: Kurithisha (dakika 8). Makundi yaungane mawili mawili. Kundi moja lisome alama za jenzake na kulicheza wimbi bila kuambiwa neno. Kisha wenye wimbi wasahihishe kwa maneno na kwa kuonyesha. Mwalimu aulize: alama zilikwambia nini? Mwenzako alikuongezea nini ambacho hakikuwa ardhini?

Hatua ya sita ndiyo moyo wa somo. Mtoto aliyeona wimbi lake likichezwa visivyo na wenzake ameelewa kwa dakika nane jambo ambalo wakuu wa dansi walihangaika nalo kwa miaka mingi.

Tathmini. Mwalimu asitoe alama kwa uzuri wa umbo la mtoto. Aangalie mambo matatu: je, mwendo ulianza na pumzi? Je, mtoto alimpokea jirani yake kwa wakati? Je, aliweza kumweleza mwenzake alichokusudia?

Tahadhari kwa mwalimu

Moja: ukiwafundisha watoto mkiwa mmetazamana, mkono wako wa kulia upo mbele ya kushoto kwao. Ama wape mgongo, ama cheza kinyume kama kioo, lakini usichanganye namna mbili katika somo moja.

Mbili: mtoto asiyeweza kupiga magoti apewe kiti, na wimbi lipite mikononi na mabegani mwake. Wimbi lisimruke mtu.

Tatu: usiwachague wepesi tu ukawaacha wengine wakishika nguo za wenzao. Hiyo ni desturi ya maandalizi ya sherehe, si ya ufundishaji.

Nne: sema ukweli juu ya watu unaowataja. Laban aliitumikia serikali ya Hitler kabla ya kukosana nayo mwaka 1936. Mfumo wake ni wa manufaa. Maisha yake hayakuwa bila doa. Wanafunzi wakubwa waweza kuelezwa yote mawili.

Kutoka wimbi hadi ngoma ya kijiji

Baada ya somo hili mwalimu atakuwa na chombo cha kutumia katika ngoma ya mahali alipopangiwa kazi. Amwalike mzee au bibi anayeijua, na asimwombe acheze tu. Amwulize ngoma hiyo ilichezwa lini, na nani, kwa ajili gani, na mwendo unaanzia wapi mwilini. Hiyo ni njia ya kwanza. Watoto waandike alama na maneno ya mzee huyo katika daftari la darasa: hiyo ni ya pili. Ikiwa ipo simu ya kupigia picha, na mzee ameridhia, apigwe akitazamwa mbele na pembeni: hiyo ni ya tatu. Daftari na picha zitunzwe shuleni kwa jina la mwenye ngoma, mahali pasipofikiwa na mvua wala mchwa: hiyo ni ya nne. Ngoma nyingine ni za jando, unyago au matambiko; mzee akisema kwamba si ya watoto au si ya watu wote, mwalimu aheshimu neno hilo, kwa maana kuhifadhi si kunyang'anya.

Hitimisho

Hakuna njia moja inayotosha. Mwili husahau, maandishi hayasemi sababu, filamu huona upande mmoja, na chombo huweza kufilisika au kugombaniwa. Dansi zilizodumu ni zile zilizoshikwa kwa njia mbili au tatu kwa pamoja, na katika kila moja kulikuwa na mwalimu aliyekubali kazi ngumu ya kurudia somo kwa kizazi kingine. Isadora Duncan alijulikana duniani kwa uchezaji wake. Lakini dansi zake tunazo leo kwa sababu alikuwa na darasa la watoto.

Maswali ya kujadili

1. Linganisha njia ya Duncan na njia ya Jooss katika kurithisha dansi. Ipi ingefaa zaidi katika shule yenye walimu wanaohama mara kwa mara? Toa sababu.

2. "Filamu imemwondolea mwalimu wa dansi kazi yake." Jadili.

3. Chagua ngoma moja unayoijua. Andika sentensi tatu kuhusu umbo lake na tatu kuhusu kiini chake. Kipi kilikuwa kigumu zaidi kuandika?

4. Andaa somo la dakika 40 kwa darasa la Pili linaloanza na kutembea na kuishia na kurukaruka. Onyesha chanzo cha mwendo katika kila hatua.

5. Mkuu wa shule anataka ngoma ya dakika tatu kwa ajili ya mahafali, na zimebaki siku tano. Utafanya nini ili watoto wajifunze jambo, wala wasiwe pambo tu?